Ufa wa Mkunazini

Laiti ningelikataa siku ile kaka yangu aliponiambia nihame. Alisimama kwenye ngazi za nyumba yetu ya Mkunazini, akautia kidole ufa ulioshuka kutoka dirishani, akasema, "Masika haya hayaishi hujafukiwa humu, wewe na mkeo." Alikuwa na nyumba tupu Jang'ombe. Nilikubali hapo hapo, kwani maneno yale nilikuwa nimeshajiambia mwenyewe mara nyingi.

Ufa ule ulininyima raha kwa miaka. Niliubandika kipande cha karatasi kwa gundi, nikaandika tarehe. Ukuta ukicheza, karatasi ichanike. Kila nikitoka kusali alfajiri nilikitazama. Hakikuchanika. Nikaona labda karatasi ni nzito, nikabandika nyengine nyembamba. Fundi wa chokaa niliyemwita alicheka. "Mzee, ufa huu baba yangu aliukuta. Nyumba hii itakuzika wewe, na yenyewe bado imesimama."

Mke wangu hakutaka kuhama. Dirisha la jikoni lilielekeana na la dada yake mkubwa, mjane aliyekaa peke yake ng'ambo ya uchochoro. Walikuwa wakipeana bakuli kwa mkono, na mazungumzo yao hayakukatika mpaka adhuhuri, huyu anakuna nazi, yule anachambua mchele.

"Wewe mvua ikinyesha Pemba, unafungua mwavuli hapa," mke wangu aliniambia.

"Nnakuogopea wewe."

"Basi niogopee na upweke."

Dada yake akadakia kutoka kwake, "Shemeji, ukuta huo ukianguka utaniangukia mimi. Mbona mie nimekaa kitako nnakula?"

Tulihama. Jang'ombe si mbali, lakini mke wangu ana maradhi ya magoti, na dada yake ngazi zilishamshinda. Wakawa wanapigiana simu. Simu ikikatika, mke wangu aliendelea na mapishi yake kimya. Nilijiambia atazoea.

Kila mvua kubwa nilisema, "Leo ile nyumba inaanguka," na kesho yake nilikwenda mjini kuitazama. Nyumba imesimama. Waliopanga baada yetu wameanika kanga dirishani, na ufa wameuziba kwa chokaa.

Mwaka wa nne dada yake alishikwa na homa. Kwenye simu alisema ni mafua tu, asitutie wasiwasi. Siku ya tatu hakupokea. Jirani alipopanda kumtazama, alimkuta ameshafariki. Tungelikuwa kule, mke wangu angelimsikia akikohoa usiku wa kwanza.

Tulipotoka mazikoni mke wangu aliniuliza, "Nani alimpa maji?" Hajauliza tena, wala hajanilaumu.

Nyumba haijaanguka mpaka leo. Kwa kuogopa jambo ambalo halikutokea, nilimtenga mke wangu na dada yake kwa miaka minne waliyobakiwa nayo, na dada yake akafa peke yake.