Picha Iliyoanza na Mazishi

Juzi nilikuwa Voi, rafiki yangu, nimekaa kwenye kiti cha plastiki ndani ya ukumbi uliofungwa mapazia meusi ili jua la alasiri lisiingie. Vijana wa kaunti yetu walikuwa wakionyesha filamu walizotengeneza wenyewe, fupi fupi, moja imepigwa Wundanyi, nyingine kwenye mashamba ya mkonge. Zilipokwisha, taa zikawashwa na wakaitwa mbele wale ambao siku hizi tunawaita wachambuzi. Mmoja ni msichana ambaye, nasikia, watu humfuata kwenye simu wasikie kwanza amesema nini ndipo waamue kutazama. Akashika maikrofoni. "Stori iko poa, kamera iko sawa, lakini mwisho umeniangusha, aki. Mimi naipea sita." Kijana mmoja huko nyuma akaruka: "Sita? Wewe hujui muvi!" Ukumbi ukacheka. Mimi nilicheka kupita wote, mpaka mama niliyeketi naye akaniuliza kama niko sawa.

Nilikuwa sawa. Ni vile tu nilikuwa nimeshafika kijijini Mata, utotoni mwangu, nikiwasikiliza wachambuzi wangu wa kwanza. Hao hawakuwa na maikrofoni, na Mungu awasamehe, hawakuihitaji.

Kwetu Mata palikuwa na ukumbi mmoja wa video, na mwenyewe alikuwa jirani yetu, mjane ambaye watu wote walimwita Mama Video. Ulikuwa wa mabati, sakafu ya udongo, mabenchi ya mbao zisizopigwa randa. Ukivaa kaptura ulitoka na kibanzi mahali usipoweza kumwonyesha mtu. Jenereta ilikaa nyuma chini ya turubai na ilinguruma hata mashujaa walipokuwa wakinong'ona. Ukumbi ule ndio uliowalisha watoto wa Mama Video na kuwapeleka shule, na kila mtu alilijua hilo.

Siku ya picha ilikuwa Jumamosi. Asubuhi wakubwa walikwenda sokoni Taveta na ndizi zao, sisi watoto tukabaki kuchota maji mferejini, kufagia na kupukuchua mahindi mpaka vidole vikaota malengelenge. Mchana tulikula pure, mahindi na maharagwe ya jana yaliyopashwa moto, na kuanzia hapo masikio yalikuwa yakingoja jenereta. Ikikohoa mara ya kwanza, hata mtoto mgonjwa alipona.

Sasa sikiliza desturi ya pale, maana sijaiona penginepo. Wazazi waliokuwa sokoni na shambani walitaka kujua watoto wao wanatazamishwa nini. Mama Video akaweka sharti: hakuna kutoka bila kutoa neno. Mlangoni alikaa nyanya yangu na ungo wake wa maharagwe, akichagua mawe, mguu mmoja ameunyoosha kukingama njia. Ulisimama mbele yake ukasema picha ilikuwaje. "Ilikuwa nzuri" haikukubaliwa. "Hata uji ni mzuri," angekuambia, "rudi ndani ufikiri." Watu walianza kutunga maneno yao wakiwa bado wamekaa, na waliokwisha kutoka hawakuondoka. Walisimama nje kusikiliza wengine, na hapo mabishano yakaanza hadi ng'ombe waliporudi zizini. Sokoni, watu wa Njukini na Salaita walikuwa wakiuliza, "Mata wamesemaje juu ya ile picha?" kabla hawajaitazama kwao.

Kulikuwa na mabingwa. Mzee wa mkonge, aliyekuja zamani kutoka magharibi ya nchi kukata mkonge na asirudi, ndiye alikuwa hakimu wa mapigano. "Panga halishikwi hivyo," alisema, "huyo angejikata goti." Imani yake kuu ilikuwa kwamba stelingi, yule shujaa wa picha, hafi. Hata apigwe risasi, hata atumbukie maporomokoni, mngoje tu. Mwalimu wetu yeye alitaka funzo, na pia ndiye aliyetutafsiria Kiingereza kwa sauti, akiruka sehemu za mapenzi kwa kukohoa. Nyanya alihukumu mashamba. Picha ingeweza kuwa na ndege za vita na majumba yanayoungua, yeye akauliza mbona mahindi ya yule bwana hayajapaliliwa.

Basi mwaka mmoja wavulana wakaanza kupigana mateke shuleni, wakirukiana kutoka juu ya madawati, na mmoja akavunjika mkono. Lawama ikaenda moja kwa moja kwa Mama Video. Mzee wa mtaa wetu, mtu mkali, mnyoofu, asiyecheka ovyo, akamwambia mbele ya watu: "Jumamosi nitakuja mwenyewe nitazame. Kama hakuna kinachojenga, nitafunga huu mlango."

Wiki ile Mama Video hakulala vizuri. Akamwagiza kondakta wa basi amtafutie Voi picha isiyo na ngumi hata moja. Ikaja ya kutoka Afrika Magharibi, habari za baba na wanawe wawili. Siku zile picha moja ilikuja kwa diski mbili, unatazama ya kwanza, inatolewa kwenye deki, inawekwa ya pili. Jumamosi ilipofika mzee wa mtaa aliketi benchi la mbele, fimbo kati ya magoti, na Mama Video, macho yako kwa mgeni wake, akaweka diski ya pili kwanza.

Hakuna aliyejua. Picha ikaanza na jeneza. Hatujakaa vizuri, yule baba tuliyemwona kwenye karatasi ya kasha, stelingi mwenyewe, anazikwa! Kelele zikapanda. "Stelingi hafi!" mzee wa mkonge akapiga ukelele. "Tulieni, huyo atarudi!" Baada ya mazishi wale ndugu wawili wakagombania shamba. Wakashtakiana. Wakajenga ukuta katikati ya nyumba ya baba yao, na mama yao akawa analia upande mmoja, anapikia upande wa pili. Mwisho yule mkubwa akabaki peke yake kaburini, mvua inamnyea. Mwalimu alitafsiri mpaka sauti ikamkauka.

Mimi sikuwa natazama kioo tena. Nilikuwa namtazama mzee wa mtaa, kwa sababu hapo Mata hakuna asiyejua kwamba yeye na mdogo wake walikuwa hawasalimiani. Ugomvi ulikuwa wa maji ya mfereji wa kumwagilia mashamba, zamu ya nani na nani alifungua kabla ya saa yake. Mashamba yao yalipakana, na walikuwa wakipitana njiani kila mmoja ameinama kana kwamba ameangusha shilingi. Nikaona Mama Video naye anamtazama, mkono mdomoni. Alikuwa ameagiza picha isiyo na ngumi, ikamjia picha ya kumtukana mgeni wake usoni.

Akabadilisha diski haraka. Majina ya wachezaji yakaanza kupita, na mzee wa mkonge akatueleza kwamba yanarudiwa kwa ajili ya waliochelewa. Halafu, ghafla, baba huyo, kijana, mzima, amebeba tofali begani! Ukumbi ulilipuka. Watu walisimama juu ya mabenchi. "Si niliwaambia?" mzee wa mkonge alikuwa akilia machozi ya furaha. "Si niliwaambia atarudi?"

Mwalimu akageuka kumtazama Mama Video, na nadhani hapo ndipo alipofahamu. Akaendelea kutafsiri. Tukawaona wale ndugu wamekuwa watoto, wanakula sahani moja, mkubwa anamsukumia mdogo kipande cha nyama. Kama tungeiona mwanzo, tungekuwa tunatafuna njugu. Lakini tulikuwa tumeshauona ule ukuta. Hakuna aliyetafuna. Tukawaona wanavuna, wanaangushana kwenye majani, na mwisho kabisa harusi ya yule mkubwa, baba yao anacheza katikati ya watu, wana wake wakimshika kila mmoja mkono. Ikaishia hapo, kwenye ngoma.

Watu wakaanza kutoka. Mlangoni maneno yalikuwa mafupi. Mzee wa mtaa alitoka, na nyanya hakuukunja mguu. "Na wewe, mwanangu. Neno." Mama Video alikuwa nyuma yake, anasikiliza. Mzee akautazama ungo wa maharagwe, akasema, "Wale watoto walikuwa wanakula sahani moja." Nyanya akauvuta mguu, naye akapita.

Je, ndio kufungiwa au ndio kuachwa? Hakuna aliyejua. Jioni ile ile mwalimu akamweleza Mama Video kosa lake, na yule mama akaketi chini pale pale akashika kichwa. Alitaka kwenda kuomba msamaha. Nyanya akamzuia. "Umwombe msamaha wa nini? Mtu akifiwa anaanza na kaburi. Hayo ya sahani moja ndiyo yanamjia baadaye, usiku baada ya usiku. Aliyeipanga hivyo hakukosea." Mzee wa mkonge yeye alikataa katakata kwamba kuna diski iliyotangulia. Kwake baba alikufa, akafufuka, basi.

Jumamosi iliyofuata tulingoja kufuli. Mzee wa mtaa akaja kweli, na nyuma yake, hatua chache, akaja mdogo wake. Wakaketi benchi moja, katikati wameacha nafasi ya mtu wa tatu. Mzee akamgeukia Mama Video, kwa ukali wake ule ule, akasema, "Ile ya baba. Irudie. Huyu hajaiona." Mama Video akamtazama mwalimu, mwalimu akamtazama nyanya. "Mwekee kama alivyoiona mwenzake," nyanya akasema. Ikawekwa diski ya pili kwanza. Na pale Mata haikuwahi kuonyeshwa kwa namna nyingine.

Nilipokuwa mtu mzima niliitafuta, nikaipata kwenye simu, nikaitazama kwa mpangilio wa wenyewe. Inaanza na tofali, inaishia kwenye mvua kaburini. Ni picha ya kawaida tu, rafiki yangu, na ilinihuzunisha bila faida. Ningekuwa jukwaani Voi ningeipa nne.

Ule ukumbi haupo tena. Mabati yaling'olewa, sasa pana kibanda cha kuchaji simu. Mama Video alizikwa kwa kina mumewe, mbali. Nyanya tulimzika wenyewe. Mzee wa mkonge alichukuliwa na wanawe akarudi magharibi, na sijapata habari yake. Ndugu wawili wa mfereji walikufa wakifuatana, hata mwaka haukupita kati yao. Siku hizi kila mtu anatazama na simu yake kitandani, akimaliza anageukia ukuta, hakuna wa kumkingamia mguu amuulize. Hilo linaniuma kuliko mabati.

Lakini usinihurumie sana. Yule msichana wa alama sita alinifuata nje, bado anabishana na yule kijana. Wanataka kuzipeleka zile filamu Taveta, Njukini na Mata, siku za soko, mchana, kwa turubai na jenereta, na watu waseme wenyewe. Akaniuliza, "Kwani wazee wa huko wataongea kweli, ama watanyamaza tu?" Nilicheka tena. Nikamwambia shida yake itakuwa kuwanyamazisha.

Nimekwisha kukuzikia karibu watu wote. Sisi wa Mata, hata hivyo, hatuachi mambo kaburini. Ni Jumamosi alasiri. Jenereta imezimwa, masikio bado yanavuma, nje kunanuka petroli na vumbi lililonyunyiziwa maji. Mzee wa mkonge ameshatoa neno lake na anaongeza la pili bila kuombwa. Mama Video anakunja turubai huku anaimba. Wa mwisho kutoka ni wale ndugu wawili, kila mmoja akimkatiza mwenzake, huyu anasema mkubwa ndiye aliyekosa, yule anasema wote, wamesahau kabisa kwamba kuna watu wanasikiliza, na nyanya amenyoosha mguu mlangoni, amewazuia wote wawili, kwa sababu hakuna kati yao aliyempa neno.