Kanga Isiyofuliwa

Harufu ya mawese yanayoungua kikaangoni kwa jirani hunirudisha Usevya, nyumbani kwa bibi, siku zile mama alipopelekwa hospitalini Mpanda akamwacha mdogo wangu angali ananyonya. Mtoto alikataa uji, akakataa na usingizi. Bibi akamfunika kanga ya mama, iliyonuka mawese, moshi na jasho, naye mtoto akanyamaza.

Shangazi alikuja na sabuni. "Mama, kanga hii inanuka!"

"Iache inuke, ndiyo kazi yake. Ukiifua, mtoto atamsikia mama yake wapi? Kwenye sabuni yako?"

Sipendi habari za kusimuliwa, wala siamini kila kisemwacho kuhusu siri za miili yetu. Hili nililiona kwa macho yangu: mtoto asiyejua neno hata moja aliambiwa jambo na kitambaa, akaelewa, akanywa uji. Lugha yetu ilikwisha kulijua hilo. Ndiyo maana tunasema harufu husikika.

Mama hakurudi. Kanga iliendelea kumfunika mtoto, hadi siku moja akaanza tena kulia akiwa ndani yake. Bibi aliitwaa, akainusa kwa muda mrefu, kisha akanipa mimi.

"Wewe bado unamsikia, mjukuu wangu?"

Niliuzamisha uso wangu ndani ya kanga. Palikuwa na harufu ya uji na ya mdogo wangu, basi.

"Namsikia, bibi," nikasema, nikaendelea kunusa.