Nyimbo Tano za Kaseti ya Mwaka Huu

Mjinga ni mimi, tumalize hiyo kwanza. Kwenye matanga ya dada yangu nilitoa kaseti ya kwaya, mbele ya akina mama wa kanisa na vitambaa vyao vyeupe, nikaweka kaseti yetu ya disko. Halafu nikaongeza sauti.

Lakini kabla hujanichapa, ngoja nikueleze kaseti yenyewe.

Kila Januari mimi na dada tulikuwa tunatafuta kaseti moja tupu, tunaanza kuijaza nyimbo za mwaka. Sheria ni moja: wimbo hauingii mpaka sote wawili tukubali. Yeye alikuwa anapakia biskuti kiwandani, anarudi akinukia vanila mpaka kwa nywele. Mimi niko kidato cha pili, nanukia vile wenzangu wananukia. Kwa hivyo alijiona mkubwa, lakini kwa kura tulikuwa sawa.

Redio ilikuwa ya mama na haikuwa na mahali pa kaseti. Rekoda ilikuwa ya dada, ya mtumba, aliitoa soko la Gikomba. Kurekodi, tulikuwa tunaziweka kitandani uso kwa uso kama mbuzi wawili wanaotaka kupigana, tunafinya, tunanyamaza. Sasa wewe jaribu kunyamazisha nyumba ya chumba kimoja mtaa wa Ziwani. Ukikohoa umeingia kwa wimbo. Ukipiga chafya umekuwa mwanamuziki.

Ndiyo maana wimbo wa kwanza wa mwaka huu, ule wa kijana anayejisifu kwa mistari eti ana magari matatu, una stovu ya jirani inayonguruma mwanzo hadi mwisho. Dada alisema stovu ndiyo imeimba vizuri. Tunamjua huyo kijana, na hata baiskeli hana. Lakini ngoma ilikuwa tamu, tukampitisha.

Wa pili ni wa Kikongo. Hatukuelewa neno hata moja na tuliuimba wote, gitaa likifika pale juu dada anapanda kitandani na viatu. Katikati unamsikia mama akiuliza nani amekula mandazi ya kesho. Nani mwingine.

Wa tatu ni wa mwanamke anayemwambia bwanake aende lakini aache sufuria. Huo dada alinilazimisha. Wa nne nilimlazimisha mimi, sitaji unasema nini, mama akisoma hapa nimekwisha. Ndani ya huo wa nne kuna kikohozi cha dada. Tulicheka wakati ule. Nikamwambia, "Umeharibu wimbo, sasa wewe ndiye ngoma." Akanirushia kandambili.

Kikohozi hakikuondoka. Kufika mwisho wa Aprili alikuwa halali upande wowote, anakaa tu ameegemea ukuta na mto mgongoni, na biskuti zikapakiwa na wengine.

Wimbo wa tano ulikuwa wake. Ni ule wa polepole, wa ng'ambo, unaoanza na tarumbeta kama mtu anayeamka bila kutaka. Mimi nilisema huo ni wa kulaza watoto. Yeye akasema ndio namba moja ya mwaka, na mwaka haujafika nusu. Tukagombana siku tatu. Alasiri moja redio ikasema itaupiga. Nikaweka zile mashine mbili kando ya mto wake, nikafinya, nikamwambia, "Narekodi tu, lakini kura sijapiga." Halafu maboyz wakapiga mluzi nje, kulikuwa na mechi. Nikaenda. Mama alikuwa sokoni na sukuma wiki zake.

Niliporudi alikuwa amelala, rekoda imejizima yenyewe. Nikatoa kaseti bila kuisikiliza. Wiki hiyo hiyo alipelekwa hospitali, akakaa huko, hakurudi.

Basi, matanga. Baba alikuwa ametangulia nyumbani magharibi kutayarisha boma. Sisi huku tulikuwa tunakutana kila jioni uani, chini ya turubai, watu wanaomba, wanakunywa chai, wanaimba. Kazi yangu ilikuwa muziki. Rekoda ya dada iliunganishwa na spika ya kanisa, na kaseti ilikuwa moja tu, ya kwaya, betri zimechoka, wanakwaya wanaimba kama wamezama kwa uji.

Na dada alikuwa ameshaniambia kuhusu hiyo kwaya. Kitambo, akiwa mzima. "Hao wanalia kama kondoo amenyimwa chumvi. Nikifa mkiniwekea hao, naamka nawafukuza."

Siku ya mwisho, jua bado liko, nikabadilisha betri. Nikabadilisha na kaseti pia. Nikairudisha nyuma kwa kukadiria mpaka mwanzo wa wimbo wa tano, kwa sababu huo ni wa polepole. Nikajiambia hakuna atakayejua, watadhani ni wa kanisa la ng'ambo.

Tarumbeta ikaanza. Mama mmoja wa kitambaa cheupe akafunga macho, akaanza kuyumba. Nikamkonyezea rafiki yangu. Nikaongeza sauti.

Wimbo ukaisha. Ikaja ile sauti ya mkanda mtupu, shhhh. Halafu spika ya kanisa ikasema:

"Wewe! Wimbo umeisha. Umeenda wapi, we ng'ombe?"

Uani watu wakanyamaza kama wamefinywa kifungo.

"Unaniachia mashine zako kwa mto?" Akacheka, kikohozi kikamkatiza. Halafu, kwa sauti ya chini, "Mama! Mama, uko? Kuja unizimie hii kitu, mkono haufiki."

Mama alikuwa nyuma ya nyumba, kwa sufuria ya chai.

"Nakuja!" akaitika. "Nakuja, mama, nakuja!"

Akapita katikati yetu akikimbia, mwiko mkononi unadondosha chai, akaingia ndani. Tukasikia akivuta pazia la kitanda. Spika ilikuwa imebaki na watoto wa siku ile wakicheza kati, ule mchezo wa kukwepa mpira, na mfereji ukimwaga maji. Halafu dada tena, pole pole, "Haya basi. Kaeni huko."

Watu wawili walikuwa tayari wameruka ua. Aliyevuta waya ni senje, yaani shangazi yetu, dada ya baba, aliyekuwa amekuja na basi kutusindikiza. Alitoa kaseti kwa nguvu mpaka mkanda ukatoka nje kama utumbo wa kuku. Hakunichapa. Afadhali angenichapa.

"Sauti ya marehemu haizururi," alisema mbele ya wote. "Kesho inaingia kwa sanduku naye, ilale." Akaifunga kwa ncha ya leso yake, mafundo mawili. Wazee wa kanisa wakasema amina.

Mimi huwa sikosi la kusema. Hata mwalimu wa zamu anajua. Siku hiyo nilikunja tu waya wa spika, nikaukunjua, nikaukunja tena.

Watu walienda mapema. Ndani tukabaki watatu, mama ameketi kwa kile kitanda, mwiko bado mkononi.

"Senje," nikasema, "chukua rekoda. Chukua viatu vyangu vya shule. Kaseti niachie."

"Viatu vyako nivivae wapi?"

"Yeye hayuko mahali pengine popote. Picha yake iliyobaki ni ya kipande tu, kile cha kitambulisho, na hata hapo amenuna."

"Kwani ni wewe ulimzaa?"

Aliyemzaa akanyoosha mkono.

"Mke wetu," senje akamwambia mama, sasa kwa upole, "hiyo kitu itakukula. Utakuwa unapika, unasikia unaitwa."

Mama hakurudisha mkono. Senje akakaa, akatazama ukuta, mwishowe akafungua fundo la kwanza, akahangaika na la pili mpaka akatumia meno.

Mama akanipa mimi. Nikaurudisha mkanda ndani kwa biro, pole pole, nikiunyoosha kwa kidole kila ulipojikunja. Nikarudisha nyuma, nikaweka sauti ndogo kabisa. Wimbo wa tano ukaanza, umejikwaruza kidogo, na nikausikiliza wote kwa mara ya kwanza bila kubishana na mtu. Kura yangu nikampa. Uwe namba moja, hata mwaka ukileta nyingine mia.

Halafu akaniita ng'ombe. Halafu akamwita mama. Halafu watoto, mfereji, "kaeni huko", na mkanda ukafika mwisho, rekoda ikajizima, tak.

Nilifumba macho nikingoja mwiko. Mama aliuweka sakafuni. Akasogea mpaka goti lake likagusa rekoda, akafuta mikono kwa leso, akasema:

"Rudisha nyuma kidogo, pale ananiita. Siku ile nilikuwa sokoni."