Aliyepanda Lori la Pamba

Mama yangu mkubwa alitukanwa kwenye wimbo, na tusi hilo likamlisha miaka mingi. Naanza na hili kwa sababu vijana wakisikia fulani kaimbwa, wanadhani kasifiwa. Huyu hakusifiwa. Aliambiwa mbele ya nchi nzima, kwa jina lake la ubatizo, kwamba ana tamaa, kwamba alimwacha mpiga gitaa maskini akapanda lori la pamba na kwenda zake na dereva. Wimbo ulirekodiwa redioni na bendi moja ya hapa Mwanza, enzi zile bendi zilikuwa mali ya mashirika na wanamuziki walipokea mshahara kama makarani. Mtungaji, ambaye pia ndiye aliyeuimba, alikuwa mchumba wa mama mkubwa. Baada ya wimbo hakuwa tena.

Nasimuliwa kwamba mwanzoni alilia. Kanisani kina mama walimsogelea kwenye benchi wapate kumnusa kama ananuka dizeli. Lakini machozi nayo huchoka. Alipofungua grosari yake Igogo, karibu na ziwa, aligundua kwamba watu wanatoka Igoma na Pasiansi, wanazipita grosari nyingine zenye bia ile ile, ili waje kumwona mwanamke wa lori. "Ndiye huyu?" wananong'onezana. "Ndiye mimi," anajibu yeye. "Mnakunywa nini?"

Basi akalivaa lile tusi kama kitenge cha Krismasi. Wimbo ukifika penye jina lake aligonga kaunta kwa kifungulio cha chupa, mara moja, ko, kisha akaendelea kuosha glasi. Mimi nililelewa kwake, maana mama yangu alikuwa mwalimu wa vijijini asiyekaa mahali pamoja, na ile ko niliisikia hata nikiwa uani nakaanga samaki. Alikuwa anapeleka redioni kadi za salamu kuomba wimbo wake, na miongoni mwa wasalimiwa hakuacha kumweka "dereva wa lori, popote alipo". Mtangazaji alikuwa anacheka hewani. Hakuna aliyewahi kumwuliza lile lori lilikuwa linakwenda wapi. Hata mimi sikumwuliza. Nani anauliza safari ya tusi?

Kisha nchi ikafungua milango. Tukaanza kuvaa nguo zilizokwisha kuvaliwa na watu wengine, tukaziita mpya. Viwanda vya samaki vikaota ufukweni, minofu ikawa inapanda ndege kwenda Ulaya, sisi tukabaki na mapanki, yaani kichwa, mgongo na mkia, tukayakaanga na kuyasifia kwamba yana ladha kuliko mnofu wenyewe. Na huko Dar es Salaam vijana wakapata vinanda vya umeme na studio za watu binafsi. Kwa kuwa kutunga ni kazi, wakaanza kuziimba upya nyimbo za baba zao. Kwenye kasha la kanda waliandika "utunzi wa asili", maana yake mwenye wimbo hatumjui wala hatumtafuti.

Wimbo wa mama mkubwa nao ukapitiwa. Tarumbeta zote zikatolewa, mahali pake pakawekwa kinanda chenye sauti ya kengele ya baiskeli ya muuza barafu. Chemko, ile sehemu ya mwisho ambapo magitaa yanafukuzana na watu wanamwaga jasho, ilikatwa yote, nadhani kwa sababu kijana mwenyewe asingeiweza. Lori la pamba likageuzwa gari dogo lenye kiyoyozi. Na jina la mama mkubwa, lile refu alilopewa na padri Mholanzi, likatupwa, likawekwa jina fupi la kisasa ambalo unaweza kulimaliza huku unatafuna jojo.

Na ulikuwa mtamu, hilo nalo niseme. Ungekuwa mbaya tusingepata shida. Ulipigwa kwenye vipaimara, ulipigwa kwenye maduka ya mitumba, ulipigwa kwenye kampeni za vyama viwili vinavyochukiana. Mimi mwenyewe niliucheza, ila siyo Igogo.

Shida ilianza wateja vijana walipoanza kuja grosari. Wazee waliwaonyesha mama mkubwa kwa fahari, "Huyu ndiye aliyeimbwa," na vijana wakatikisa vichwa.

"Mama, unajipachika," mmoja alimwambia usoni. "Huyo wa kwenye wimbo anakaa Sinza, Dar. Shemeji yangu anamfahamu."

"Shemeji yako alikuwa wapi mimi ninatukanwa?"

"Lakini jina siyo lako, mama. Sikiliza mwenyewe."

Akasikiliza. Nini tena angefanya? Kifungulio kilibaki hewani, kwa sababu pale alipozoea kugonga palipita jina la mtu mwingine. Akaandika kadi redioni, akaeleza vizuri: naomba ule wa zamani, wenye tarumbeta na jina langu. Mtangazaji mpya, mmoja wa wale wanaoongea Kiswahili kwa pua kama wana mafua, akasema, "Mama yetu wa Igogo anataka zilipendwa, lakini sisi tunakwenda na wakati," akaupiga mpya. Mama mkubwa akaizima redio, akaifunika khanga kabisa.

Nilijitia mwenye busara. Nikamwambia, "Mama mkubwa, si afadhali? Tusi limehamia kwa mwingine, umepumzika."

"Nimelibeba kabla wewe hujazaliwa," akasema. "Leo mtu aje alichukue tu, kama ungo wa jirani?"

Nilimwonea huruma, na huruma yenyewe ilinikasirisha, maana ningemsaidiaje mtu anayedai kurudishiwa tusi?

Muda si mrefu nikapata mchumba, Mhaya wa Bukoba, mtu wa benki, ambaye ndugu zake walizungumza Kiswahili kana kwamba wanakisahihisha huku wanakitoa mdomoni. Kamati ya sendofu, sherehe ya kuniaga kwetu, ikaundwa kwa upande wetu. Kamati za Mwanza zinafahamika: zinakutana mara nyingi kuliko Bunge na zinakula zaidi. Mama mkubwa alifika kwenye kikao, akatangaza kwamba vinywaji vyote vitatoka kwake. Makofi yalipotulia akaweka sharti. Siku hiyo wimbo wake upigwe, ule wa zamani, na jina lake litajwe mbele ya wakwe wa Bukoba na mbele ya Mwanza nzima. Basi. Kingine hataki.

Katibu wa kamati akasema hakuna tatizo. Kisha ikaonekana kwamba kanda ya zamani hakuna aliye nayo. Ya mama mkubwa ilikwisha kuliwa na redio, na wauza kanda wa mjini, ukiwaomba wimbo wa zamani, wanakupa mpya na kukuapia kwamba ndio wa zamani. Ndipo mtu mmoja akasema mwimbaji mwenyewe bado yu hai, anakaa Pasiansi, na Jumamosi anawaimbia wageni kwenye hoteli moja ya ufukweni. Nikatumwa mimi, bibi harusi mtarajiwa, nikamwombe.

Nilimkuta barazani, nywele kazipaka piko nyeusi kuliko alizozaliwa nazo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti. Karibu kiti."

Nikamweleza mimi ni nani. Alipomsikia mama mkubwa akatazama ziwani, akatafakari kidogo, kama mtu anayepigwa picha. Nikadhani sasa atasema neno la majuto. Lakini ilikuwa ile miaka ya vyama vingi, na kila mwanamuziki mzee alikuwa ameshagundua kwamba nyimbo zake za mapenzi zilikuwa za siasa.

"Watu hawakunielewa," akasema. "Wimbo ule haukuwa wa mwanamke. Lori lile lilikuwa chama. Mwanamke ni wananchi, waliopakiwa bila kujua wanapelekwa wapi."

"Na dereva, mzee?"

"Dereva simtaji. Bado ana watu wake."

Nikarudi Igogo, nikamweleza mama mkubwa yote, maana kumficha nisingeweza. Alikuwa anageuza mapanki kwenye karai.

"Kwa hiyo mimi nilikuwa wananchi," akasema.

"Ndivyo anavyosema."

"Wote?"

"Wote."

Akacheka mpaka akaweka mwiko chini. Halafu kicheko kikamkatikia, akafuta macho kwa kiganja. "Mwambie aje," akasema. "Aje aniimbe mimi, kwa jina langu. Siasa akawaimbie wanasiasa."

Alikubali kuja. Siku ya sendofu ukumbi ulijaa, na mshereheshaji, aliyevaa suti ya rangi ya haradali, alikuwa amekwisha kutuchosha kabla ya chakula. Wakwe walikaa wima. Mama yangu alikaa meza ya mbele pamoja na mama mkubwa, ambaye alivaa gauni la kitenge lililoshonwa kwa ajili ya dakika zile chache. Nilimwona anakunja noti mkononi na kuikunjua. Kwetu anayeimbwa haketi. Anainuka, anakwenda kwa mwendo wa ngoma, anambandika mwimbaji noti kwenye paji la uso, watu wote wanaona.

Mzee akapanda jukwaani. Nyuma yake mpiga kinanda akabonyeza kitu, ngoma zikaanza kujipiga zenyewe. Lakini sauti! Sauti ya yule mzee haikuwa na piko. Alianza taratibu, kwa mahadhi ya zamani, na wazee ukumbini wakashusha glasi. Akaliimba lori, si gari la kiyoyozi: lori la pamba, na vumbi lake la barabara ya Musoma. Mama mkubwa akainuka. Vigelegele vikapasuka. Alikwenda mdogo mdogo, mabega yakicheza, noti ameishika juu, na nikasema moyoni, leo kalipata. Akafika mbele yake pale pale wimbo ulipofika penye jina, akanyoosha mkono.

Mzee, macho ameyafumba, akaimba lile jina fupi.

Vijana wakalipuka kwa shangwe. Mkono wa mama mkubwa ulibaki umenyooka.

"Rudia," akasema.

Mzee akafumbua macho, akamwona, na nadhani ndipo alipokumbuka kwa nini ameitwa. Akampa ishara mpiga kinanda, wakarudi nyuma kidogo. Nilimwona anajiandaa, anavuta pumzi. Akafika penye jina. Akaimba lile lile fupi. Ulimi ulikwisha kuzoea.

"Jina langu nani?" mama mkubwa akamwuliza. Ukumbi ukacheka, ukidhani ni sehemu ya mchezo.

Akamwinamia kumjibu polepole, asijue kwamba kipaza sauti kinasikia. "Mama," akasema, "nikiimba la kwako wananizomea. Wananiambia nimekosea wimbo."

"Makofi kwa mzee wetu!" akapaza sauti yule wa haradali, na watu, Mungu awasamehe, wakapiga makofi.

Mama mkubwa alikishika kipaza sauti. Hakukipokonya. Alikichukua mkononi mwa mzee, na mzee akakiachia.

"Lile lori," akasema, "nilipanda kwenda Magu kumzika mama yangu. Mabasi hayakuwepo, dereva akanionea huruma, akanipakia juu ya marobota. Huyu hapa nilimwachia ujumbe. Hakuusoma, alikuwa anatunga." Hakuinua sauti. "Nikanyamaza miaka yote, kwa sababu ulikuwa uongo, lakini ulikuwa na jina langu. Sasa jina mmempa mwingine. Basi na lori mpeni yeye."

Mama yangu alikuwa ameinamisha uso. Siku ya msiba ule yeye alikuwa mtoto mdogo, bibi yangu mimi sikumwona kabisa, na katika ukoo wetu wote hakuna aliyewahi kuyaweka pamoja lile kaburi na lile lori. Mama mkubwa akarudi kwa hatua za kawaida, akaipita meza yake, akaja mpaka kwangu, akanibandika ile noti kwenye paji la uso. Mimi nililia kwa sauti, jirani zangu wakanipepea. Wakwe wa Bukoba waliridhika sana, wakaambiana kwamba binti ana uchungu wa kuondoka kwao, amelelewa vizuri.

Baada ya harusi nilihamia Bukoba, nikawa narudi Igogo likizo. Redio ilikwisha kufunuliwa khanga. Wimbo uliendelea kupigwa, huo huo mpya, na mara ya mwisho nilipokuwepo alikuwepo pia mzee mmoja wa Igoma, mteja wa siku nyingi, amemleta mgeni wake amwone mtu maarufu.

"Mama," akaita, "mwambie huyu. Si ndiye wewe uliyemkimbia mwanamuziki na lori la pamba?"

Mama mkubwa hakugonga kaunta. Aliwafungulia bia zao, akazifuta chupa jasho, akazisukuma mbele yao.

"Siyo mimi yule," akasema. "Mimi nilikwenda kumzika mama yangu."