Mguu wa Kusimamia

Hawo binti Guleid alikuwa na ugonjwa mmoja tu, nao ni kupenda kupita kiasi. Mbuzi wake akichechemea kidogo, Hawo atambeba mgongoni hadi mtoni Tana na kumrudisha, na mbuzi wenyewe walishaijua tabia hiyo, wengine wakachechemea kwa makusudi. Basi Keynan, mumewe, aliporudishwa Garissa na lori la serikali, goti la kulia limepasuliwa na kushonwa, majirani walicheka chini kwa chini. Walijua mtu huyo hatakanyaga ardhi tena, labda Hawo afe kwanza.

Ilikuwa miaka ile ya vita, watu wa nje wakiita vita vya mashifta, yaani majambazi wa porini. Kina Hawo walikuwa wamekusanywa katika kijiji cha serikali nje ya mji, ndani ya ua wa miiba, mifugo ikitoka asubuhi na kurudi kabla jua halijatua. Kundi lao la ngamia lilikuwa limekwisha, wengine wamechukuliwa, wengine wamekufa kwa kukosa malisho. Amebaki mmoja, jike mwekundu jina lake Barwako, na ndama wake.

Na ni huyo Barwako aliyemuumiza Keynan. Keynan alikuwa amepiga goti kando yake akimfungua kamba za miguu, bunduki zikalia ng'ambo ya mto, ngamia akaruka na kumwangukia. Mfupa haukuvunjika. Kilichokatika ni kano inayolishikilia goti lisiyumbe, hata akawa akikanyaga mguu unakwenda upande wake na yeye anakwenda upande mwingine. Walimpeleka Nairobi. Huko daktari alimkata ukanda wa nyama ngumu katika paja lake mwenyewe, akaufanya kano mpya, kisha akaufunga mguu mzima katika plasta kwa miezi. Keynan alipofika kwenye lango la kijiji askari walilitazama lile kovu refu kwa jicho baya, maana wakati huo mwanamume mwenye kovu alikuwa na maswali ya kujibu.

"Hii si risasi, bwana," Hawo akawaambia kwa Kiswahili chake cha sokoni. "Ngamia nalala juu yake, daktari nashona. Wewe nataka kuuliza ngamia? Iko ndani."

Wakampisha. Mmoja alicheka hata akasahau kupekua mzigo.

Tatizo lilianza baadaye. Salat, dresa wa zahanati, mtoto wa hapo hapo Garissa, alisoma maneno yaliyotoka Nairobi na kumweleza Hawo kwamba picha ya eksirei inaonyesha mfupa wa mguu ule umepungua, umekuwa mwepesi kwa kulala bila kazi. Akaendelea kusema jambo la pili, lakini Hawo alikuwa ameshalishika la kwanza na kuondoka nalo. Mfupa mwepesi! Siku hiyo hiyo alimfunga Keynan hirizi pajani kwa kamba aliyoisokota mwenyewe, akaikaza vizuri, akamlaza juu ya mikeka mitatu.

Tena alikuwa na hoja yake. Kwa Wasomali kupakia ngamia ni kazi ya mwanamke, na Hawo alikuwa fundi. Alijua fito zinakaa wapi, mikeka wapi, vyombo vya maziwa wapi. Na kila mwanamke anayepakia anajua kwamba ngamia aliyekonda hapakiwi mpaka anenepe. Sasa mguu uliokonda utapakiwaje mwili mzima wa mwanamume? Akamlisha supu ya mifupa na samli. Akamletea maji ya udhu alipokaa. Keynan akaswali ameketi, akala ameketi, na akijaribu kushika fimbo ainuke, fimbo ilikuwa imehamishwa.

Keynan hakuwa mgomvi, ila alianza kunyamaza, na hilo ndilo lililomtia Hawo hofu. Mtu huyu zamani alikuwa akisikika kabla hajaonekana. Alikuwa mkamuaji wa kusifiwa. Ngamia hakamuliwi kwa kuchuchumaa. Mkamuaji husimama kwa mguu mmoja, mwingine ameukunja na kuegemeza unyayo juu ya goti la ule uliosimama, chombo kimekaa pajani, mikono miwili kwenye chuchu. Keynan alisimama hivyo akiimba kwa sauti ya chini mpaka povu linapanda. Sasa aliyekamua ni mdogo wake, Korane, kwa sababu mwanamke hamkamui ngamia, hata awe Hawo. Kila jioni Keynan alisikia maziwa yakichuruzika nje na kugeuza uso ukutani.

Halafu Korane akapata ruhusa ya kurudi Wajir kwa wakwe zake mwezi ukiandama. Akaja kusema kwa adabu, macho chini, kwamba ngamia asiyekamuliwa hukauka, kwa hiyo ataondoka na Barwako na ndama. Hakuwa na nia mbaya, na hakuna aliyeweza kumpinga. Keynan akasema sawa. Alilisema kwa wepesi uliomchoma Hawo moyoni, maana ilikuwa sauti ya mtu aliyekwisha kujitoa mwenyewe pamoja na ngamia wake.

Asubuhi iliyofuata Hawo alikuwa akimnyoosha miguu ampake samli, akaona hirizi imelala kwenye kifundo cha mguu. Akadhani fundo limefunguka. Akalishika: lilikuwa vile vile alivyolifunga. Kamba haikulegea hata kidogo. Ni paja lililonywea ndani yake, tangu Hawo amchukue mumewe mikononi mwake, ingawa alikula samli na supu kila siku. Hawo alikaa chini akaitazama ile kamba, na machozi yakamtoka bila kelele. Alikuwa akimpenda mumewe, na mumewe alikuwa akiisha.

Akaenda zahanati, shela imekaa upande, akamwambia Salat alirudie lile jambo la pili.

"Mfupa wa mtu usipobeba kitu, mwili unaona hauna kazi, unaupunguza," Salat akasema. "Kano imeshashika, mama. Mwache asimame. Leo kidogo, kesho zaidi."

"Na ukivunjika?"

"Utavunjika zaidi akiendelea kulala."

Hawo alirudi na fimbo ileile aliyoificha, akaiweka mkononi mwa Keynan. Keynan akaiegemea, akainuka. Tangu hapo alifanya mazoezi ndani ya nyumba ya fito, kashika nguzo, jasho linamtiririka, Hawo yuko nyuma yake mikono imefunguliwa kama anayefukuza kuku. Uzito wote kwenye mguu ule, kisha pumzika. Tena. Baadaye Hawo alileta chombo alichokisuka mwenyewe kwa mizizi, akakitia maji, akakiweka pajani mwa mumewe. Maji yalimwagika mara nyingi. Sakafu ilikuwa matope, na katika matope hayo wimbo ulianza kurudi kidogo kidogo.

Siku ya safari Korane alikuja na kamba za mizigo. Akamkuta kaka yake nje, amesimama kando ya Barwako, chombo mkononi.

Hapo Hawo akaona jambo ambalo hakuwa amelifikiria. Walipokuwa ndani, Keynan alishika nguzo. Hapa hapana nguzo. Na goti lililoshonwa halikunjiki vya kutosha kupandisha unyayo. Atakaoukunja ni mguu wa kushoto, ulio na afya, na atakaobaki akiusimamia, peke yake, ni ule mwembamba.

Hawo alikuwa ameshika kamba ya ndama, ambaye amenyonya kidogo na kuyashusha maziwa. Akimwachia, ndama atamaliza yote. Akabaki hapo.

Keynan alisema bismillahi, akapandisha mguu wa kushoto. Akayumba. Korane akanyoosha mkono, na Hawo akamkataza kwa macho. Goti likatetemeka, likatafuta, likatulia. Mwili wa Hawo wote ulitaka kukimbia ukamshike, nao hakuuruhusu. Aliizungusha kamba ya ndama mkononi mpaka vidole vikafa ganzi, akavumilia kumpenda kwa mbali. Kisha maziwa yakalia chomboni, na baada ya muda sauti ile ya chini ikaanza kumwimbia ngamia.

Korane alizikusanya kamba zake polepole. "Basi, walal, ndugu yangu," alisema, "ngamia huyu ana mtu wake." Akaenda Wajir bila ngamia.

Keynan akauteremsha mguu, akaja kwa Hawo akichechemea, povu limejaa hadi ukingoni. Alimpa yeye anywe kwanza. Hawo alikipokea chombo kwa mikono miwili, na maziwa yakammwagikia kifuani, kwa sababu mikono yake ilikuwa ikitetemeka kuliko mguu wa mumewe.