Burulcha na Harusi ya Watu Mia Nne

Mjini Karakol, harusi isiyoongozwa na Burulcha ilihesabika nusu harusi. Kwa miaka mingi alishika kipaza sauti, akawachekesha wakwe, akawaliza mabibi, akawainua wavivu wacheze. Lakini kila alipokwenda asubuhi kuchukua ujira wake, aliwakuta wenye harusi wameketi katikati ya mabaki ya nyama ya farasi, wakiulizana nani atalipa mkopo wa benki. Hilo ndilo lililompeleka chuoni, utu uzima wote ule, kusomea mipango ya fedha ili awe mshauri.

"Yaani wewe ndiye wa kuwafundisha watu kubana matumizi?" Mumewe, Tologon, alicheka hadi chai ikampalia. "Wewe mwenye buti tatu za rangi moja?"

"Zilikuwa zimepunguzwa bei!"

"Haya, mshauri."

Riba, bima, akiba ya uzeeni, vyote alivimeza bila shida. Kilichomshinda ni kunyamaza. Mwalimu wao, Begimai, binti wa rika la kitinda mimba wake, alisisitiza kwamba mshauri husikiliza kwanza. Lakini Burulcha kila alipofanya mazoezi na wenzake, alijikuta amesimama, mkono juu kama aliyeshika glasi, akimtakia mteja wajukuu tele.

"Mama Burulcha, keti," Begimai alimsihi. "Huyu amekuja kuulizia bima."

"Si ndiyo namtakia asiihitaji!"

Siku ya mtihani wa vitendo, chuo kilialika watu wa mjini wenye shida za kweli. Burulcha alipangiwa Mzee Asankul, fundi wa matrekta, mpole, kofia ameipakata. Begimai aliketi kando na kalamu yake. Burulcha akajiuma midomo, akasikiliza.

"Namwoza mwanangu," mzee alisema. "Wageni mia nne. Mke wangu anasema tukialika pungufu tutachekwa. Nauza ng'ombe wote, na benki itaongezea."

"Si maziwa yao ndiyo yanawaweka mjini?"

"Ndiyo hayo hayo."

"Sasa baada ya harusi mtakunywa nini, mzee wangu? Pongezi?"

Mzee alicheka, ingawa si kwa furaha. Wakakokotoa pamoja, wakafika kwa wageni themanini, jamaa wa karibu tu. Atauzwa ng'ombe mmoja, na benki isiguswe.

"Na mshereheshaji? Mke wangu ameshamkodi, jina limenitoka. Wanasema ni hodari, lakini bei yake, dada yangu, utadhani anakuja na mvua."

"Watu themanini wanajuana wote. Mjomba mmoja mchangamfu anatosha. Harusi yenyewe lini?"

"Jumamosi ya pili ya Septemba, ukumbi ule wa karibu na kiwanda cha maziwa."

Burulcha aliganda. Jumamosi hiyo, ukumbi huo, ilikuwa kazi yake yeye, na ujira wake alikwisha kuupangia karo ya muhula wa mwisho. Angeweza kukaa kimya. Lakini darasani walifundishwa kwamba mshauri mwenye maslahi katika jambo la mteja sharti aseme.

"Mzee," akashusha pumzi, "huyo anayekuja na mvua ni mimi."

Mzee Asankul alimkodolea macho. "Sasa mbona umejifukuza?"

"Umekuja kuuliza habari za mfuko wako, si za tumbo langu."

Mzee akacheka hadi kofia ikaanguka. Begimai alijificha nyuma ya karatasi zake, mabega yakimtikisika.

"Umelipwa nini kwa kumfukuza Burulcha?" Tologon aliuliza jioni.

"Alama tisini na moja."

"Tuzile na mkate?"

Karo aliipata kwa kuongoza sherehe za watoto, kichwani amevaa masikio ya sungura. Harusi ya akina Asankul ilipita salama, ila jamaa walioachwa nje walijua nani aliwakata, wakamnyima salamu majira yote ya baridi. Theluji ilipoyeyuka, shangazi mmoja miongoni mwao alibisha hodi kwenye ofisi mpya ya Burulcha, juu ya duka la viatu, uso ameukunja.

"Sijakusamehe," alisema. "Nataka kujua kiinua mgongo changu nikiweke wapi."

"Karibu kiti, shangazi. Nuna tu, kununa sikutozi."