Mpira wa Kitako cha Bunduki ya Mkwe

Zamani, kitako cha bunduki kikichakaa, Unguja palikuwa na mafundi wa kukivika ngozi ya ng'ombe na kuishona kwa uzi wa nta, mwenyewe akisubiri barazani na kahawa yake. Mafundi hao wamekufa, watoto wao wanauza redio. Siku hizi hata kifungo cha shati hutafutwa China. Ndiko kulikomponza Zubeir.

Zubeir alikuwa mtu wa viatu. Alinunua Guangzhou, akauza Darajani, na kila safari alibeba sampuli, kwa sababu lugha hakuijua na mwenye duka akishaona kitu hahitaji maelezo. Mkwewe, Mzee Khatib wa Makunduchi, alikuwa na bunduki ya marisau, yenye kibali, ya kulindia mihogo na nguruwe mwitu. Mpira wa kitakoni ulikuwa umeoza, na kila alipofyatua, bunduki ilimpiga teke hadi bega likavimba. Akakifungua kitako, akakiviringisha kwenye kanga.

"Nipelekee hiki China wakitie mpira, mwanangu," alisema. "Usikubali wakupimie kwa macho."

Zubeir hakupenda, lakini baba wa mke hakataliwi. Tena ule ulikuwa ubao tu, chuma chote kimebaki Makunduchi. Begi likapita uwanja wa ndege.

Guangzhou, barabara ya Zhanqian, kulikuwa na mama muuza soli aliyezoea kumkaribisha chai. Zubeir alichagua kwanza mpira mnene mweusi, akaulipia, kisha akaifunua kanga. Yule mama akabadilika uso. "Mei you," akasema, hakuna, na mpira Zubeir anao mkononi. Akanyoosha kidole kama mtutu, kisha akabana vifundo vya mikono yake pamoja kama aliyetiwa pingu. Akateremsha mlango wa bati mchana kweupe.

Zubeir alirudi kwa miguu mtaa wa Xiaobei, kwenye nyumba ya wageni aliyofikia, kanga kwapani, akivuka barabara kila alipoona sare. Hata bawabu wa benki alimkwepa.

Chumbani alimkuta Murshid, mfanyabiashara wa Dar aliyepanga naye. Murshid alitazama kitako, akakaa kitandani.

"Una wazimu? Hapa raia hana bunduki. Hawatakuuliza chuma kiko wapi. Katupe mtoni."

"Ni amana ya mkwe wangu."

"Basi mkwe wako atakuletea uji jela."

Zubeir aliona amalize kazi upesi, kisha akifiche kitako katikati ya viatu. Alifungua skrubu kwa bisibisi ya Murshid, akabandua mabaki ya mpira wa zamani, akaupiga ubao msasa, akapaka gundi. Skrubu moja ikamponyoka ikaingia chini ya kabati. Harufu ya gundi ikajaa hadi ukumbini.

Mlango ukagongwa. Wahudumu wa pale, waletapo chupa za maji ya moto, hawakungoja kuitikiwa. Ufunguo tayari ulikuwa unazunguka. Zubeir akautupa mswala juu ya kitako, akasimama, akatoa takbira. Hana udhu, gundi vidoleni, kibla kiko mgongoni.

Mhudumu aliingia na askari wawili wa kukagua pasi. Alikwishawajua Waislamu wa nyumba ile: anayesali husubiriwa. Akawaashiria askari wangoje. Zubeir aliposujudu, paji la uso liligota kwenye ubao. Akainuka, akaongeza rakaa. Akaongeza nyingine. Askari mmoja alinusa. Murshid akamwonyesha kiatu na kopo la gundi, akatabasamu kama mjinga. Wakatazama pasi, wakatoka. Zubeir aliendelea kusali na mlango umekwishafungwa, mpaka Murshid akamshika bega.

Hakubishana tena. Jioni ile walikikata kitako vipande, wakavitia katika jiko la mkahawa wa chini palipochomwa mishikaki. Mpira aliubandua akabaki nao.

Makunduchi, Mzee Khatib aliubonyeza kwa kidole gumba.

"Umeniletea kiatu, mwanangu. Mguu uko wapi?"

Zubeir akamweleza yote, na ile sala pia. Mzee hakumkaripia. Hakuna tena Unguja wa kuchonga kitako kingine, na mwaka ule nguruwe walifukua mihogo mpaka mlangoni. Zubeir bado anauza viatu, ila China hutuma watu. Msikitini, kabla hajasujudu, hulipapasa kwanza zulia kwa kiganja.